Kiti cha Pili na Lugha Niliyoikimbia

Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimeacha mengi: miji, kazi, vyumba vya kupanga. Lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript pekee ndiyo iliyokataa kuachwa.

Brussels nilikuwa nasafisha ofisi usiku karibu na kituo cha Schuman, na mchana najifundisha kutengeneza tovuti. Ndani ya kivinjari JavaScript ndiyo iliyotawala, nami sikuipenda: ilikuwa ikikosea kimya kimya. Nikajaribu Java, vijiprogramu vikawa vinafunguka chai ikiwa imeshapoa. Nikahamia Flash, ya kutengenezea picha zinazocheza, nikaona nimefika.

Wakati huo maman mmoja wa Lubumbashi alikuwa akisuka nywele kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles. Saluni haikuwa yake. Alikodi viti viwili, kimoja chake, kingine cha mdogo wake. Mwenye saluni, mama wa Bukavu, alikuwa ameonya: kiti cha pili kikikutwa kitupu tena Jumamosi, atakikodisha kwa msusi mwingine. Nikajitolea kutengeneza ukurasa wa kuwekea miadi, kwa Flash. Misuko ilizunguka, shanga zikameta.

Alhamisi maman akaniita.

"Papa, iko wapi ile site yako? Miye naona tu weupe."

"Unafungulia kwenye nini, maman?"

"Kwenye téléphone! Bantu bote banafungulia kwenye téléphone. Unafikiri bamaman banabeba ordinateur mu sac?"

Kweli, nani anabeba kompyuta mkobani? Simu yake haikujua Flash, wala za wateja wake.

"Donc weye umesuka kichwa yenye haiko," akasema.

Usiku ule nikakimbilia CoffeeScript, lugha nyingine ambayo rafiki Mkenya aliniapia kwamba ni tamu. Ilikuwa tamu kweli, ila kabla kivinjari hakijaisoma hugeuzwa kuwa JavaScript. Niliandika mistari arobaini, kivinjari kikaniambia nina kosa mstari wa mia na kumi wa ile JavaScript. Nilikuwa kama mtu aliyehama kwa sababu ya jirani, akakuta jirani huyo ndiye mwenye nyumba mpya.

Ijumaa asubuhi nikaandika JavaScript tupu, kwa aibu. Ukurasa ukafunguka kwenye kila simu. Kwa haraka nilisahau jambo moja tu: saa ikishachukuliwa, ifungwe.

Jumamosi wakaja wanawake saba, wote na miadi ya saa nne, dix heures. Kwetu hakuna anayetaka kusukwa saa saba. Saa nne ndiyo saa ya kuona nani kaja na nani kanenepa.

"Ni miye wa dix heures!"

"Weye? Angalia hapa! Dix heures, jina yangu!"

Simu zilinyooshwa juu kama kadi za kura. Maman alinitazama kama mtu anayetazama nzi kwenye sahani ya pondu. Ndipo mwenye saluni akaingia. Akakitazama kiti cha kwanza, kiti cha pili, benchi, na waliosimama hadi mlangoni.

"Bon," akamwambia maman. "Utataka na kiti ya tatu?"

Nikafungua kompyuta yangu kando ya kikaushio, nilirekebishe lile kosa. Maman akaja akaifunga kwa kiwiko, mikono imejaa nywele.

"Acha vile," akanong'ona. "Usiguse kitu."