Siku Nilipomrithisha Mjane Ubaoni

Aibu hii niliipika mwenyewe, sina wa kumsingizia. Nilikuwa natoka Migori kila Jumamosi kwenda Sindo kufundisha watu wazima kuandika programu za kompyuta, katika ukumbi wa kanisa, na siku hiyo tulifika kwenye urithi, yaani aina moja ya kitu kupokea sifa za aina iliyo juu yake bila kuziandika upya. Vitabu hutumia mbwa na mnyama. Mimi (msomi asiyekubali jambo mpaka alibishie) nikaona huo ni utoto, nikawaomba mfano wa nyumbani.

"Ter!" akasema Ouma, fundi wa injini za boti, na darasa likacheka, maana ter ni ile desturi ya Waluo ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu.

Ningekataa hapo hapo, yangeisha. Lakini nilitaka wanipende, kwa hiyo nikachora kisanduku nikakiita Ukoo, chini yake kingine, Mjane, nikaviunga kwa mshale na kueleza kwa sauti ya profesa (mimi, mwenye digrii moja) kwamba cha chini hakiulizwi, kinapokea tu.

"Umesikia, shem?" Ouma akageuka nyuma. "Hata kompyuta inajua!" Akaupiga ubao picha, akaituma kwenye kundi la familia.

Huko nyuma alikaa Akinyi. Sikujua kwamba marehemu mumewe ni kaka yake Ouma, wala kwamba amekuwa akikataa kurithiwa, na jioni hiyo wazee walikuwa wanakuja kusikia neno lake la mwisho. Sasa nilikuwa nimewapa ushahidi.

Hakulia. Akauliza, "Mwalimu, lugha zote za kompyuta ziko hivyo?"

Nikasema hapana, katika Java unatangaza mapema kila aina inarithi wapi, katika JavaScript kitu hurithi moja kwa moja kutoka kwa kitu kingine, Go haina urithi huo kabisa, inatazama tu unaweza kufanya nini, na wapo wanaoshikilia kwamba kiini cha mambo haya yote si urithi bali ni vitu kutumiana ujumbe, kila kimoja kikiamua chenyewe jinsi ya kujibu.

"Kumbe ulijua," akasema. "Na mimi niko hapa. Mbona hukuniuliza?"

Nikafuta ubao. Nikamsihi Ouma anipe simu, nikalitumia kundi ujumbe wa sauti: mimi ndiye mwalimu, nimekosea, mchoro ule hauhusu mtu yeyote. Jibu likaja, la mzee, na Ouma akalicheza darasa zima likisikia: "Mwalimu, wewe ni wa ukoo gani hata uongee hapa?"

Jioni Akinyi aliwajibu wazee mwenyewe. Alikataa. Nilizipata habari kwa wengine, kwa sababu Jumamosi iliyofuata alikuja, akafungua daftari, na hakunisalimia.

Nimeapa sitamweka mtu ubaoni tena bila ruhusa yake. Na akikubali, nitampa chaki achore mwenyewe.