Jiwe la Kufulia na Nguzo ya Daraja

Mtaani walimwita Bi Nyundo, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa mikono minene na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alianzia kwenye karakana ya mageti, kisha kampuni ya wapimaji wa ardhi ikamchukua. Kazi yake ilikuwa kuinua nyundo kubwa na kuishusha kwa nguvu zote juu ya bamba la chuma lililolazwa chini. Mtetemo ulizama ardhini, na visikizi, vikopo vidogo vyenye msumari chini vilivyochomekwa kwa mstari mrefu, viliunasa ukirudi. Kwenye mwamba mgumu mtetemo hukimbia. Kwenye udongo laini hujikokota. Mhandisi wao, dada mwembamba asiyejua kukaa kitako, aliusoma kwenye kompyuta na kueleza kilichoko chini kabla ya mtu kuchimba.

Mama mkwe wake hakuafiki.

"Mke wa mwanangu analipwa kuichapa ardhi," aliwaambia majirani. "Sijui imemkosea nini!"

Basi siku kampuni ilipopewa kupima korongo lililo nyuma ya nyumba ya huyo huyo mama mkwe, Bi Nyundo alipiga vigelegele ndani ya gari. Ng'ambo ya korongo ndiko iliko hospitali, na watu wa upande huu walizunguka safari ndefu kuifikia. Sasa daraja lilikuwa linakuja!

Mahali pa nguzo ya kati palikuwa pameshachaguliwa: juu ya jiwe moja kubwa jeusi, pana kama meza ya karamu.

"Hapa mnapima nini tena?" msimamizi wa ujenzi aliuliza, akalikanyaga kwa buti. "Mwamba huu hapa, unaonekana kwa macho."

"Na mimi nafulia juu yake tangu nilipoletwa hapa bibi harusi," mama mkwe akaunga mkono. "Halijawahi hata kutikisika."

"Mama, tupe nafasi kidogo tu," Bi Nyundo alisema.

Shida ikawa kelele. Visikizi husikia kila kitu, hata mtu anayeburuta kandambili. Seremala alikuwa anapiga randa, mashine ya kusaga inanguruma, watu wanapita na mikokoteni. Mhandisi aliomba, akabembeleza, wapi! Ndipo mama mkwe, ambaye hakupenda kuona wageni wakidharauliwa mlangoni pake, alipofunga kanga kiunoni.

"Seremala! Weka chini hicho kidude! Na wewe wa mashine, zima! Anayetaka kupiga chafya akapigie kwao!"

Mtaa mzima ukaganda. Bi Nyundo akainua nyundo. Paa! Akarudia, akarudia tena, jasho likimtiririka mgongoni, na kila pigo mistari ikacheza kwenye kioo cha kompyuta. Mhandisi aliinama, akakunja uso, akaita, "Hebu njoo uone!"

Mitetemo iliyopita chini ya jiwe jeusi ilichelewa, tena ilichelewa vibaya. Hatua chache upande wa juu ilifika mbio.

"Hili si mwamba," mhandisi alisema, sauti ikipanda. "Ni jiwe lililoviringika zamani likatua juu ya tope. Mwamba wenyewe uko pale!"

"Haiwezekani," msimamizi alisema. Hakusema kwa ubaya. Ni macho yake tu yaliyokuwa yakimwambia hivyo. "Tuchoronge, tulitoboe jiwe lenyewe, tuone."

Mashine ya kuchoronga ilipoletwa, watu walijaa ukingoni kama wanaotazama mpira. Chuma kilikereza jiwe kwa makelele ya kuumiza meno, polepole, polepole. Bi Nyundo alikuwa ameushika mkono wa mama mkwe bila kujua. Ghafla makelele yakakatika na chuma kikazama, chwi! kama kisu kwenye ndizi mbivu. Likapanda tope la kijivu.

"Mungu wangu!" mama mkwe alipiga kelele. "Kumbe nafulia juu ya uji!"

Kicheko kilichozuka hapo! Msimamizi mwenyewe alivua kofia akacheka mpaka akashika magoti. "Ningewasimamishia nguzo hapa," alisema, na kicheko kikamwisha. "Mvua kubwa moja tu."

Kabla ya kuchoronga pale pa juu, mhandisi alitaka mapigo machache zaidi ili ahakikishe. Bi Nyundo akamwona mama mkwe anavyoitazama nyundo.

"Mama, unataka?"

"Nani, mimi? Mzee huyu?" Lakini mkono ulikuwa umeshanyooshwa.

Waliishika wote wawili, wakaiinua wakiyumba, wakaiachia. Paa! Visikizi vikapokea, mistari ikaruka, na mhandisi akainua dole gumba.

"Imesikia!" mama mkwe akaruka. "Ardhi imenisikia, mwanangu!"

Mashine ikahamishwa. Safari hii chuma kilishuka kidogo tu kikagonga mwamba, na kikaendelea kugonga mwamba kadiri kilivyoteremka. Kipande kilichopandishwa kilikuwa kigumu, cha samawati, kizima bila ufa. Msimamizi alikibusu mbele za watu, akakipitisha mkono kwa mkono. Jioni hiyo mama mkwe alikizungusha nyumba hadi nyumba, na kila alipobisha hodi alianza hivi: "Mimi na mkwe wangu leo tumepata mwamba."