Pawa Saplai Isiyo na Sauti na Mbuzi Watatu wa Ntheo

Kuna ukoo mzima huko Kithimani unaojua jinsi ninavyoiga kikohozi cha mzee wao, na wanajua kwa sababu walinisikia kupitia spika mbili kubwa, sebuleni kwangu mwenyewe, wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Nimeificha aibu hii miezi kadhaa. Naitoa leo kwa sababu mke wangu ameshaisimulia kanisani, na jinsi anavyoisimulia yeye inaniumiza zaidi.

Mambo yalianza na kelele. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mwenye digrii mbili na goti moja bovu, na kila nikipata nafasi huwa naendesha lori. Si lori la kweli (ukinipa la kweli nitaligonga getini), ni lori la mchezo wa kompyuta, ambalo napakia maziwa lala nayapeleka katika miji ya nchi za baridi ambayo siwezi hata kutamka majina yake. Kompyuta yenyewe ni kubwa, ya michezo hasa, na ile pawa saplai yake ya kwanza, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, ilikuwa na feni inayonguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Nikiwasha tu, mke wangu Ndinda anaita kutoka jikoni, "Baba Mwende, dereva ameingia kazini?" Nikaona nitafute ya kimya. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Yote mengine yalifuata yenyewe.

Nilienda mjini kwa Zuhura, fundi wa kompyuta ambaye duka lake liko karibu na msikiti, mama mmoja mwenye miwani na subira. Aliweka mbili juu ya meza. "Mwalimu wangu," akasema, "usiangalie taa za rangi, angalia uzito na feni. Kompyuta yako inakula kama wati mia tatu. Ukiipa ya mia tatu na hamsini itakuwa inakimbia mchana kutwa. Ipe ya mia saba na hamsini, itakuwa inatembea tu, na anayetembea hahemi." Akanipa ile nzito niipime kwa mkono. "Hii feni yake haizunguki kabisa mpaka ipate joto. Feni nyingine za kompyuta nitakubadilishia ziwe za kimya pia. Ila nikishaifunga, uwe unatazama ile taa ya mbele, maana kwa masikio hutajua kama imewaka."

Nikamwambia nitaitazama. Sikumwambia kwamba ile taa ya mbele nilikuwa nimeshaiziba kwa kanda nyeusi, mke wangu asiione kupitia chini ya mlango, maana nilikuwa nimemwambia lori nimeacha.

Zuhura aliifunga Ijumaa. Jumamosi yake wageni walikuwa waje saa tano, watu wa Kithimani, kuleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya binti yangu Mwende. Kwetu Ukambani mbuzi hao wakipokelewa, msichana ameshakuwa wa watu. Wakirudi kwenye gari walilokuja nalo, hakuna harusi, na hata padri hawezi kukusaidia. Mwende alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Alikuwa ameniambia, "Baba, siku hiyo tafadhali usifanye mzaha." Nikaapa.

Asubuhi hiyo nilikuwa na saa mbili za bure, na mtu wa digrii mbili akipewa saa mbili za bure anafanya utafiti. Nilitaka kujua kama pawa saplai yangu ni kimya kweli au ni masikio yangu yamezeeka. Nikachukua maikrofoni ya kuongea na madereva wenzangu wa mchezo, nikaiegemeza kwenye kompyuta, katika chumba cha nyumbani nilichokifanya ofisi, nikavuta waya mrefu hadi zile spika za sherehe zilizo sebuleni, nikafungua sauti mpaka mwisho. Nilichosikia sebuleni ni saa ya ukutani ya kule ofisini ikipiga tak, tak, tak, kama mtu anagonga mabati. Nikarudi nikaitoa betri. Nikafunga mlango, nikakaa kwenye kochi, nikasikiliza. Hakuna kitu. Kimya safi. Nilifurahi karibu nilie.

Baadaye nikaingia ofisini nikaiangalia ile saa ya ukutani, nikaona ni saa tatu kasorobo, nikasahau kwamba betri nimeitoa, nikasema bado mapema (simu ilikuwa chumbani ikichajiwa). Nikarudi kwenye kochi kufurahia kimya changu, labda nikasinzia kidogo. Nilishtuliwa na honi ya pikapu getini na mbuzi wanalia. Nilikuwa na kaptura. Nilikimbia kutafuta suruali, na kichwani mwangu hapakuwa na kompyuta wala maikrofoni. Ile ya zamani ingekuwa inanguruma, ningeikumbuka. Hii mpya ilikaa pale imewaka, imezibwa taa, imenyamaza kama mtu mwenye adabu.

Wageni walikuwa saba. Msemaji wao alikuwa Mzee Mutiso, mjomba wa kijana, mzee mrefu mwenye koti la kahawia, ambaye kila baada ya sentensi tatu alikuwa anakohoa mara tatu, mara mbili haraka na ya tatu polepole, kama mtu anayepiga muhuri. Kijana mwenyewe, Kioko, alikaa karibu na mlango akiwa ameshika magoti yake. Mama yake alikaa chini ya spika. Mzee Mutiso aliongea kwa muda mrefu sana, akaanzia kwa babu yake, akapitia ukame, akafika kwa wale mbuzi watatu waliofungwa nje, majike wawili na beberu mmoja. "Tumeona ua zuri katika boma hili," akamaliza, "na hatukuja mikono mitupu."

Sasa hapo ndipo desturi inapoingia. Hata kama jibu unalo tangu mwezi uliopita, huwezi kukubali papo hapo, itaonekana ulikuwa unamsukuma msichana nje. Lazima wenyeji waende pembeni kushauriana. Kwa hiyo mimi, ndugu yangu mkubwa Musyoka, na dada yetu Syombua, tuliinuka kwa heshima tukaingia ofisini kwangu, tukafunga mlango.

"Tukae dakika ngapi?" nikauliza.

"Ishirini," Musyoka akasema. "Tukitoka haraka watafikiria tuko na njaa ya mbuzi."

Ukuta wa upande wa sebuleni ukavuma, vuuu.

"Hao nao wanaongea sana," Syombua akasema.

"Wacha waongee," Musyoka akasema. "Lazima tukatae kitu. Tukatae huyo beberu, tuseme ako na jicho mbaya."

"Lakini jicho lake ni zima," nikasema.

"Najua ni zima! Unafikiri mimi ni kipofu? Ni ya heshima tu, ndio wajue hatupokei chochote tu."

Tukanyamaza tukifikiri. Ukuta nao ukanyamaza. Syombua akainua kichwa. "Mbona wananyamaza tukinyamaza?"

"Hiyo ni heshima," Musyoka akasema.

Nami, badala ya kuiheshimu heshima hiyo, nikavunja kiapo changu. Nikasimama katikati ya chumba, nikavuta koti langu mbele kama Mzee Mutiso, nikaanza: "Babu yangu alipotoka Yatta, akiwa na fimbo moja, na hiyo fimbo, jina lake…" Nikakohoa mara mbili haraka, na ya tatu polepole. Musyoka alicheka mpaka akashika meza. Nikarudia. (Ndiyo, nilirudia.) Mara ya pili niliongeza na ile namna anavyofuta midomo.

Musyoka alipopata pumzi akaiona kompyuta. "Hii si ndiyo ya michezo? Mama Mwende alituambia uliacha."

"Niliacha kelele," nikasema, na bado nasikia majivuno yangu siku hiyo. "Nimeiwekea kitu cha kimya. Naendesha lori langu, yeye anajua nasahihisha karatasi za wanafunzi. Huwezi kujua kama imewaka au imezimwa."

"Na sasa imewaka?"

"Imezimwa," nikasema.

Zilipoisha dakika ishirini tukatoka, mimi na Musyoka, nyuso tumezikunja kama mahakimu. Syombua alibaki nyuma kidogo kurekebisha viatu vyake vipya vilivyokuwa vinambana.

Tukafika sebuleni. Mke wangu alikuwa amesimama na chupa ya chai imeinama juu ya kikombe cha Mzee Mutiso, kikombe kimejaa, kisahani kimejaa, chai inateremka kwenye kitambaa cha meza, na hakuna aliyekuwa anaitazama. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikadhani ni ule ukimya wa watu wanaongoja jibu.

Musyoka akatanua kifua. "Tumekwenda, tumeshauriana kwa kina, na kuhusu yule beberu…"

Mzee Mutiso akakohoa. Mara mbili, haraka. Kisha akanigeukia mimi pole pole.

"Kuna ya tatu," akasema, "lakini naona wewe unaijua vizuri. Nimalizie."

Sikuelewa, na wakati huo huo nilielewa kabisa. Nilikuwa bado natafuta pa kushika wakati sauti ya dada yangu, kubwa kama ya mhubiri wa sokoni, ilipoporomoka kutoka juu ya vichwa vyetu: "Woi, kidole changu! Na yule mama ya kijana, ile wigi alivaa ni yake ama ni ya kuazima?"

Mama Kioko akaishika wigi kwa mikono miwili.

"Aiya!" Musyoka akasema, akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwapo.

Nikakimbilia ofisini, nikampita Syombua akiwa na kiatu kimoja, nikagusa mausi. Kioo kikawaka. Hakuna kilichonguruma. Zuhura aliniuzia kitu kizuri sana.

Niliporudi, wageni walikuwa wanatoka mmoja mmoja. Mwende alikuwa amesimama mlango wa jikoni na gauni lake jipya, analishika kwa vidole vya mikono yote miwili. Hakulia. "Baba," alisema, "nilikuomba kitu kimoja." Afadhali angenipiga na sufuria.

Nje, dereva alikuwa ameshafungua nyuma ya pikapu. Mbuzi wawili walikuwa wameshafunguliwa kamba uani ili wapakiwe. Kamba ya yule beberu ilikuwa mkononi mwa Kioko, naye hakuwa anaifungua wala kuiacha, alikuwa anaitazama tu. Nikajua kamba ile ikifunguliwa nimemharibia binti yangu maisha kwa sababu ya feni.

Nikasimama mbele ya Mzee Mutiso na kusema yote. Lori, maziwa lala, kanda nyeusi juu ya taa, betri ya saa, maikrofoni, mpaka namna nilivyokaa kwenye kochi kusikiliza kimya. Sikuwa na maneno ya chuo hata moja. Nikasema, "Mzee, nimekukosea wewe na mama, na dada yangu naye atakuja kuomba msamaha akipata kiatu. Lakini msichana hakusema kitu. Msimwachie yeye makosa yangu."

Beberu akalia. Kisha mzee akauliza, "Hicho chombo bado kinasikia?"

"Bado, mzee."

"Basi usikizime." Akawageukia watu wake. "Sisi pia tutaenda pembeni. Hawa wenyeji watatungoja na chai."

Wakaingia ofisini kwangu wote saba, wakafunga mlango. Sisi tukakaa sebuleni tumenyooka kama wanafunzi wanaongoja adhabu. Spika zikakwaruza. Ikaja sauti yangu, lakini kutoka kinywani mwa Mzee Mutiso: "Kwa mujibu wa utafiti wangu, na tukizingatia kwamba mimi niko na digrii, hii mbuzi ni mnyama." Nyuma yake watu sita walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mama Kioko akafuata: vitambaa vyetu vya makochi vinafanana na sanda, chai yetu ni maji yaliyoonyeshwa majani, na kama yule dada mwenye miguu mikubwa anaitaka wigi, ataletewa, lakini kwa kichwa kile zitahitajika mbili. Syombua akainamisha kichwa hicho. Ndinda, mke wangu wa miaka ishirini na saba, alikuwa analia machozi ya kucheka, akinionyesha kidole.

Kisha sauti ya Mzee Mutiso ikashuka. "Sasa wewe, Kioko. Umeona baba mkwe ni wa aina gani. Utaweza?"

Spika zikanyamaza. Kimya kile nilichokuwa nimekinunua kikajaa sebule nzima, na safari hii sikukifurahia. Mwende alikuwa ameliachia gauni lake.

"Mimi namtaka Mwende," Kioko akasema. "Huyo mzee tutamwachia lori yake."

Walipotoka, hatukwenda pembeni tena. Tuliwapokea mbuzi watatu pale pale, na Musyoka alimsifu beberu macho yote mawili, moja moja.

Jumatatu nilirudi kwa Zuhura. "Imeharibika?" akauliza. Nikamwambia haina kasoro hata moja, ndiyo maana nairudisha, anirejeshee ile yangu ya zamani. Hakuuliza zaidi; nadhani habari ilishafika msikitini. Kanda nyeusi nimeibandua. Nimeapa mbele ya Mwende, safari hii nikiwa nimekaa chini, kwamba sitaleta tena nyumbani kitu kinachofanya kazi bila kujitangaza. Na watu wakija nyumbani kwa jambo lolote la maana, kabla hatujaanza huwa naingia ofisini, naiwasha kompyuta ingurume mpaka jirani asikie, kisha naizima mbele ya Ndinda, na tunasimama wote wawili kuisikiliza inavyokufa.