Mkono wa Mwende Majini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimwonea wivu mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa kaunsela wa dada yangu Mwende, huko Westlands. Baba alikuwa amehamia mtaa wa Mountain View na kutuacha na Mama mtaani Jamhuri. Mwende, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akaacha kula, na shule ikashauri apate mtu wa kuongea naye.

Kabla ya hapo siri zake zote zilikuwa zangu. Tulilala kitanda kimoja. Sasa kila Jumamosi alirudi macho mekundu lakini uso umetulia, nami sikupewa hata neno.

"Mliongea nini?"

"Mambo yangu."

"Mama ataambiwa?"

"Hata Mama haambiwi. Kaunsela aliniahidi."

Nyanya alikuwa ametoka Machakos kututembelea. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba aliyelala, ukimtia mkono kwenye maji vuguvugu, husema yote aliyoficha. Jumamosi iliyofuata, Mwende aliposinzia baada ya chakula cha mchana, nikaleta bakuli la maji vuguvugu, nikautumbukiza mkono wake.

Nilipiga magoti hadi yakaniuma. Kisha midomo yake ikasogea. "Baba, nichukue." Basi, hakuongeza.

Ningenyamaza tu. Lakini nilichomwa moyoni: alitaka kuondoka, na hakunitaja. Nikaenda kumwambia Mama, ambaye naye, nadhani, alimwonea wivu yule mwanamke. Hata hakuniuliza nimejuaje.

Jioni, mezani, Mama akasema, "Kumbe unataka kwenda kwa baba yako."

Mwende akaweka kijiko chini. Hakunitazama, maana hakunishuku.

"Kaunsela amekuambia," akasema polepole.

Mama hakukana. Mimi niliendelea kutafuna.

Mwende hakurudi Westlands tena. Nikapata Jumamosi zake zote, naye akazimaliza akiwa ameugeukia ukuta.

Nilikuja kumwambia ukweli mwaka jana tu, tukinywa chai mjini. Alisukuma kikombe kando.

"Kwa hivyo kaunsela hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Na mimi tangu siku hiyo sijamwambia mtu jambo langu. Hata mume wangu."

Kama ni maji yaliyomsemesha au ni usingizi tu, sijui, na siku hizi sijiulizi. Miaka hiyo yote niliamini kaunsela alikuwa ameninyang'anya dada. Mwende alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwamini, na mimi ndiye niliyemwondolea.