Waya Mnene wa Redio

Leo fundi amenibadilishia waya wa sabufa, akaweka mnene. Alipowasha, harufu ya mpira unaoungua ikajaa sebuleni, nami nikawa mtoto tena, nimesimama mlangoni nimemshika bibi mkono.

Bibi alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kijijini. Kwao mkubwa husalimiwa kwa kupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Baba, mwanawe, aliyaacha hayo tangu ahamie mjini. "Mama, hapa shikamoo inatosha," alizoea kumwambia.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Baba alikuwa akiunga waya mnene kwenye redio yake ili iungurume zaidi, na plagi alikuwa ameiacha ukutani. Tulipoingia tu, umeme ukarudi. Baba akaanguka kwa magoti mbele yetu, kichwa kimeinama, waya uko katikati ya viganja, na viganja vinagongana.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" bibi akaitikia, machozi ya furaha yakimlengalenga.

Nilikimbia nikachomoa plagi. Mikono ikatulia, lakini baba hakuinuka.

"Inatosha, mwanangu," bibi akamwambia kwa upole. "Nimeshaitikia."