Filimbi Iliyozibwa Usagara

Wenzangu likizo mlikwenda kuosha macho. Mimi nilikwenda Mwanza kama dumu la damu. Dada yangu Kabula alikuwa amelazwa huko, fizi na pua zinatoka damu bila kukoma, na daktari alituma salamu kijijini: leteni ndugu wenye afya, damu yao mbichi atapewa mgonjwa hapohapo.

Misungwi, asubuhi. Tulipanda pikapu ya mnunuzi binafsi wa pamba, mmoja wa wale waliotufurikia tangu biashara hiyo iwe huria. Nyuma tulikaa mimi, mama, baba mdogo Lubinza na binamu wawili wenye vifua vya maksai. Mbele alikaa Mjomba Masanja, kaka yake mama, mkuu wa msafara. Mjomba alipunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba cha ushirika, akafungua duka la dawa. Elimu yake yote ameisoma kwenye maboksi, na mengine yameandikwa kwa lugha asiyoijua.

Usagara tulisimama kuipoza rejeta. Baba mdogo akaanza kunung'unika.

"Masanja, damu ikishatoka inarudi?"

"Kama maziwa. Unakamua leo, kesho yapo."

"Na hiyo sindano? Nasikia ni msumari."

Binamu mmoja akaanza kuitazama barabara ya kurudi nyumbani. Mjomba akaliona hilo, akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa aspirini.

"Mbilimbili kila mtu. Sindano hamtaisikia. Leo ni bure."

Mjomba kutoa kitu bure! Wilaya ingepaswa kutangaza sikukuu. Wakameza wote, naye akameza, kwa maji ya dumu lilelile la rejeta. Mimi vidonge hunitapisha, kwa hiyo vyangu nikavitemea nyuma ya tairi.

Nyegezi, ziwa likatokea. Harufu ya mapanki yanayokaangwa ikatufuata mpaka mjini. Minofu ya sangara siku hizi inapanda ndege, sisi tumeachiwa hayo mapanki, mifupa na kichwa. Niliwaambia binamu wakiiona ndege waiamkie, imembeba samaki wetu. Walicheka. Ndicho kicheko cha mwisho cha safari.

Wodini, Kabula alikuwa na pamba puani na madoa mekundu miguuni.

"Mmekuja wote," akasema. "Ng'ombe anachunga nani?"

"Mwenyekiti wa kijiji," nikamjibu.

Maabara walitupima. Damu yangu haikuoana na yake. Za wengine wote zilioana, hata ya Mjomba, akajinyoosha kama aliyefaulu mtihani. Ndipo daktari, mama wa makamo, akauliza kama kuna aliyekunywa dawa yoyote.

"Wote, daktari," Mjomba akasema. "Nimewaandaa mwenyewe. Aspirini."

Daktari akaketi.

"Mzee, kwenu sungusungu wapo?"

"Wapo."

"Mwizi akiingia?"

"Wa kwanza kumwona anapuliza filimbi. Wengine wanasikia, wanakuja."

"Basi kwenye damu kuna chembe sahani; za Kabula zimekwisha, ndizo nilizotaka mzilete. Mshipa ukipasuka, za kwanza kufika zinatoa kemikali ya ukoo wa prostaglandini. Hiyo ndiyo filimbi. Nyingine zina vipokezi mwilini mwao, hayo ndiyo masikio. Zikisikia zinakuja, zinashikana, zinaziba. Aspirini inaziba filimbi. Masikio yapo, lakini hakuna cha kusikia. Na chembe iliyokwisha kuzibwa haifunguki. Mnangoja wiki na zaidi, zizaliwe nyingine."

"Hana wiki," mama akasema.

"Hana, mama."

Mjomba akatoka mbio kwenda Mirongo kutafuta watu wa kwetu wanaouza mitumba. Jioni alirudi na kijana mmoja ambaye damu yake ilifaa. Wakati kijana amelala anatolewa damu, Kabula alimwambia mama kichwa kinamuuma sana. Daktari aliposikia neno kichwa alikimbia. Damu, alituambia baadaye, ilikuwa imevujia ndani, kwenye ubongo. Mfuko wa damu ya yule kijana haukutundikwa.

Kurudi, pikapu ileile. Sasa tulikaa pembeni, katikati kuna sanduku. Mwalimu wetu wa bayolojia atafurahi kwamba nimejifunza chembe sahani. Nimejifunza na jingine. Yule daktari alikuwa anajua habari ya aspirini tangu mwanzo. Salamu zake zilisema tuje. Hazikusema tusimeze nini. Filimbi ya kwanza iliyonyamaza haikuwa ya kwenye damu yetu, lakini njia nzima aliyelaumiwa alikuwa Mjomba.

Safari hii alikaa nyuma nasi. Usagara, mama akajishika paji la uso.

"Kaka, kichwa kinanipasuka."

Mjomba akatia mkono mfukoni mwa koti, kwa mazoea. Mkono ukabaki humo mpaka Misungwi.