Mihogo ya Darasani

Juzi nilikuwa katika shule moja ya chekechea hapa Kamina, nikimwandikisha mjukuu wangu, baba mmoja akaingia na daftari la binti yake. Akalikung'uta mbele ya mwalimu, kana kwamba herufi zimejificha ndani.

"Madamu, miezi mbili, kaye iko mweupe! Mutoto anasema munalowekaka mihogo. Nilimuleta asome, hapana apike. Leo ninamutosha, ninamurudisha ku nyumba."

Mwalimu alimwita binti, akawaonyesha mabeseni mawili ya mihogo, moja lenye maji, jingine kavu. Mtoto akabonyeza kwa kidole, huku na huku.

"Ya mu maji inalegea. Ingine iko nguvu. Papa, juu ya nini?"

Baba, mla bukari, ugali wetu wa mihogo, tangu utotoni, akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama dari.

"Na tukiweka maji ya moto?" baba akauliza polepole.

"Hatuyue bado," binti akajibu. "Ukuye kesho, tutaona."

Sisi tuliosoma kwa kukariri tunapima shule kwa wino. Kesho yake nilimpeleka mjukuu mapema. Yule baba alikuwa amekwisha kufika, amekumbatia thamosi.

Haikuwa chai.